Uji anamaliza, mbona uzito hauongezeki?

SWALI: Mwanangu ana miezi 7. Nampa uji wa lishe mara nne kwa siku kwa chupa, na chuchu nimeitoboa zaidi ili upite. Unga una vitu tisa. Anamaliza, lakini mstari kwenye kadi ya kliniki umelala miezi miwili sasa. Nakosea wapi?
Mama, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Kwanza, miezi miwili bila kuongezeka ni mingi: mrudishe kliniki wiki hii, waangalie kama ana maradhi au upungufu wa damu.

Chupa nayo tunaitilia shaka sana. Uji unaopita kwenye chuchu ni maji mengi, unga kidogo. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hupokea takriban mililita 240 kwa mlo; likijaa maji, anashiba bila kupata nguvu na ziwa analikataa. Isitoshe, mabaki ya uji kwenye chuchu huzalisha vijidudu vya kuharisha.

Tumia bakuli na kijiko. Kwa maji mililita 250, pima unga vijiko vya mezani 4 hadi 5. Ukoroge kwanza na maji baridi kidogo usifanye madonge, umimine kwenye maji yanayochemka, upike dakika 15 hadi 20. Inamisha kijiko: uji ubaki, udondoke polepole. Ukitiririka, bado mwepesi. Ukishaepua, tia kijiko cha chai cha mafuta. Ukiwa mzito mno, ulainishe kwa maziwa yako ya kifuani uliyokamua. Nusu kikombe kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, na anyonye mchana na usiku.

Vitu tisa vya nini? Vikombe 3 vya ulezi au mahindi kwa 1 cha maharage vinatosha. Soya isiyopitishwa motoni huzuia protini kumeng'enywa. Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga na dagaa saga kando, utie wakati wa kupika, maana mafuta yake huharibu unga uliohifadhiwa.

Uji peke yake hauna madini chuma ya kutosha, na akiba aliyozaliwa nayo sasa imepungua. Kila siku apate dagaa wa unga wasio na chumvi, nyama iliyosagwa au yai lililoiva. Maini mara moja kwa wiki. Chai asipewe kabisa, inazuia madini chuma kufyonzwa.

SWALI: Bibi yake anamlambisha asali mtoto wa miezi 5 akikohoa. Ina madhara?
Baba, Tanga

JIBU: Ina madhara makubwa. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hauwezi kuzizuia. Zikiota hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Kuichemsha nyumbani hakuziui. Mwelezeni bibi kwa upole. Kwa miezi 5 ziwa la mama pekee linatosha, hata maji asipewe. Akipumua haraka, kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, mkimbizeni hospitali.