Aende NFL sasa au abaki chuoni? Jibu kwa mjomba wa Dallas

SWALI: Salaam kocha. Mtoto wa dada yangu anacheza futiboli ya Kimarekani katika chuo kimoja huku Texas. Nafasi yake ni sefti, mlinzi wa nyuma kabisa. Mwaka wa kwanza hakuchezeshwa, wa pili alikuwa akiingia kutoka benchi, msimu huu wa tatu ameanza mechi zote na amenasa pasi tatu za wapinzani. Wakala mmoja anamwambia ajiandikishe Januari hii kwenye drafti, yaani uchaguzi ambao timu za NFL, ligi ya kulipwa, huchukua wachezaji wapya kwa zamu, kwa sababu ana mbio kali. Kocha wake anasema bado. Nyumbani tumegawanyika: dada anataka amalize shahada, mimi naona bahati haiji mara mbili. Ninyi wataalamu mnapimaje kama kijana ameiva?

JIBU: Salaam sana mjomba, na hongera kwa kijana. Nianze na jibu lenyewe: kwa haya uliyoniandikia, abaki msimu mmoja zaidi. Nieleze kwa nini, maana sababu yangu haihusu mbio zake hata kidogo.

Mbio zinapimika kirahisi. Kila mwaka, Februari ikielekea kuisha, wachezaji wa vyuo huitwa Indianapolis kwenye kombaini, wakimbizwe yadi 40, waruke, wanyanyue vyuma. Rekodi ya yadi 40 pale ni sekunde 4.21, iliyowekwa na Xavier Worthy mwaka 2024. Mawakala wanazipenda namba hizi kwa sababu zinauzika. Ila sefti halipwi kwa kukimbia kwenye njia tupu. Analipwa kwa kile anachofanya sekunde mbili za kwanza baada ya mpira kuanzishwa, wakati bado hajui akimbilie wapi.

Fanyeni hivi hapo nyumbani. Kijana aombe video ya kamera ya juu, ile inayoonyesha wachezaji wote 22. Tafuteni mahali ambapo kotabeki, mrushaji wa pasi, anajifanya kumpa mpira mkimbiaji, kisha anauficha na kurusha mbali. Simamisheni video hapo hapo, mtazame miguu ya kijana. Kama ameshapiga hatua mbili kwenda mbele, amedanganywa, na mbio zake zote zitaishia kufidia kosa. Kama amepiga hatua moja fupi halafu nyonga zinageuka kumfuata mpokeaji, huyo anasoma mchezo. Tazameni mechi za Septemba, kisha za Novemba. Hicho ndicho ninachokitafuta mimi kabla ya kitu kingine chochote: kosa la Septemba bado lipo Novemba? Kijana anayerekebisha kosa ndani ya msimu mmoja ataendelea kukua akipewa mechi. Pasi tatu alizonasa ni habari njema, lakini pasi nyingine humgonga mpokeaji mikononi ikamwangukia mlinzi aliyesimama tu. Ndiyo maana sihukumu kwa hesabu hiyo peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wengi hawaligundui. Uwanja wa chuo na wa NFL una upana uleule, lakini mistari miwili ya katikati, inayoonyesha mpira uwekwe wapi kabla ya kuanzishwa, haiko sawa. Chuoni imeachana futi 40, kama mita 12. NFL imeachana futi 18 na nusu, chini ya mita 6. Kwa hiyo chuoni mpira mara nyingi huanzia pembeni: upande mmoja ni mpana, mwingine ni finyu, na sefti anajua hatari kubwa iko wapi. NFL mpira huanzia karibu na katikati, na pande zote mbili zinamtishia kwa kiasi kilekile. Tena chuoni wazuiaji wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 kwenye mchezo wa pasi, wakati NFL ni yadi 1. Kijana amezoea kusoma dalili moja, kule atakuta nyingine. Hayo yote yanafundishika, ila yanahitaji muda na yanahitaji mwalimu mwenye subira.

Hapo sasa ndipo penye uzito wa jibu langu. Katika NFL, subira hugawiwa kwa kufuata namba uliyochaguliwa. Kotabeki Josh Allen alitoka chuo cha Wyoming na udhaifu mkubwa wa kulenga pasi, lakini timu ya Buffalo walimchukua wa 7 mwaka 2018, wakamjengea timu, wakamvumilia hadi akakomaa. Anthony Richardson alikuwa ameanza mechi 13 tu pale chuo cha Florida. Kwenye kombaini ya 2023 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.43 akiwa na uzito wa ratili 244, akachaguliwa wa 4 na timu ya Indianapolis. Msimu wa 2024 aliwekwa benchi, nafasi yake akapewa Joe Flacco mwenye umri wa karibu miaka 40. Hata namba 4 haikumnunulia muda wote aliouhitaji. Mlinganishe na Joe Burrow: mwaka 2018, msimu wake wa kwanza chuo cha LSU, alirusha pasi 16 za kufunga. Alibaki, na mwaka 2019 akarusha 60, kisha akachaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2020. Angeondoka baada ya zile 16, sidhani kama tungekuwa tunamtaja leo.

Hao ni makotabeki, nawe unaniuliza habari za sefti. Kwa sefti mlango ni mwembamba zaidi. Timu nyingi hazitumii chaguo la raundi ya kwanza, zamu ya kwanza ya timu zote, kwa nafasi hiyo. Mwaka 2024 sefti wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Tyler Nubin, na alikuwa namba 47. Nubin alikaa chuo cha Minnesota misimu mitano. Na huko huko kwenu Texas kuna mfano ulio karibu zaidi: Andrew Mukuba, aliyezaliwa Zimbabwe na wazazi kutoka Kongo, akakulia Austin. Mwaka 2021, akiwa mgeni kabisa chuo cha Clemson, alitajwa mlinzi chipukizi bora wa ACC, ligi ya vyuo. Baada ya msimu wa tatu, mlango wa drafti ulikuwa wazi kwake kama ulivyo kwa kijana wako. Alihamia chuo cha Texas, akacheza msimu wa 2024, akanasa pasi tano. Mwaka 2025 Philadelphia Eagles walimchukua raundi ya pili, namba 64.

Najua utasema: akiumia je? Hofu hiyo ni ya haki, sitaipuuza. Wewe uko Dallas, unamkumbuka Jaylon Smith. Aliharibika goti tarehe 1 Januari 2016 katika mechi yake ya mwisho na chuo cha Notre Dame, wakati wengi walimtarajia juu kabisa kwenye raundi ya kwanza. Dallas Cowboys walimchukua wa 34, na hakucheza mechi hata moja mwaka huo. Angekuwa mkimbiaji anayegongwa mara 20 kila mechi, ningesikiliza zaidi hoja ya kuondoka mapema. Kwa sefti, kateni bima ya majeraha kabla ya msimu na muulize chuo kama kitasaidia kuilipia.

Na fedha? Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo fedha; kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Ndiyo sababu idadi ya wanaoondoka mapema imeshuka sana. Mshahara wa chini kabisa wa mchezaji wa mwaka wa kwanza NFL mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000, nakubali ni fedha nyingi, lakini ni wa aliyebaki kikosini. Drafti ya 2025 ilikuwa na nafasi 257 tu. Kambi za mazoezi huanza na watu wapatao 90, na mwisho wa Agosti hubaki 53. Aliyechaguliwa raundi ya sita hutolewa bila timu kupoteza usingizi. Akibaki chuoni, dada naye ataiona shahada yake.

Msibishane kwa hisia wakati kipimo kipo. NFL ina kamati ya ushauri inayomtathmini mchezaji ambaye bado ana haki ya kuendelea chuoni, bila malipo. Chuo ndicho kinachopeleka jina, kwa hiyo kijana amwendee kocha wake wiki hii. Majibu yao ni mafupi: unaweza kufika raundi ya kwanza, unaweza kufika raundi ya pili, au rudi shule. Wakati mkisubiri, kocha wa walinzi wa nyuma aulizwe mambo mawili: ni kosa gani moja linalomfanya asimwamini kijana peke yake katikati, na msimu ujao atampa kazi gani ambayo hakumpa mwaka huu. Akikosa jibu la swali la pili, afadhali kijana ahamie chuo kingine kuliko kukimbilia drafti.

Huyo wakala asipewe sahihi sasa. Kijana akikubali tu kuwakilishwa na wakala kwa ajili ya futiboli ya kulipwa, haki yake ya kucheza chuoni inakwisha, na hapo mjadala wenu utakuwa umeamuliwa na mtu asiye wa familia. Dirisha la kujiandikisha hufungwa katikati ya Januari, muda upo. Jibu la kamati likirudi likitaja raundi ya pili, niandikie tena haraka, kwa sababu hapo ushauri wangu utabadilika.