Mkutano wa kuacha pombe: maswali yenu

Barua nyingi za wiki hii ni za pombe, na nyingi zinauliza jambo moja: mikutano ya AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, inapatikana vipi, na huko ndani kukoje? Najibu kama mtu aliyekalia viti hivyo. Mimi chupa niliiweka chini miaka 11 iliyopita.

Mama, mimi ni fundi wa magari, Nakuru. Naogopa kusimamishwa nijieleze mbele za watu. Na mkutano wenyewe nitaujuaje uko wapi?

Hakuna atakayekusimamisha, mwanangu. Zamu ikikufikia sema, "Leo nasikiliza tu," nayo itapita kwa jirani yako. Utataja jina la kwanza basi, na sharti la kuwa mwanachama ni moja: uwe unataka kuacha kunywa.

Kuupata, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haina malipo na hupokelewa usiku na mchana. Uliza pia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya kaunti, au tafuta orodha ya mikutano ya AA Kenya kwenye intaneti. Ukiona mkutano umeandikwa kuwa wa wazi, hata dada yako anaweza kukusindikiza na kuketi nawe. Uliofungwa ni wa wenye tatizo lenyewe. Lakini piga simu kuhakikisha kabla ya kupanda matatu. Mtu akijikaza wiki nzima halafu akute geti lina kufuli, anaishia baa. Nimeyaona.

Siku yangu ya kwanza nililipita geti mara tatu. Nilipoingia nikakuta viti vya plastiki, thamosi, na watu tisa hivi. Bwana mmoja akanimiminia chai nusu kikombe. Nikadhani ananibania. Baadaye ndipo nikaelewa: alikuwa ameuona mkono wangu, akajua kikombe kikijaa kitanimwagikia mbele za watu. Alijua kwa sababu wake nao uliwahi kutetemeka hivyo. Hicho ndicho utakachokuta ndani, fundi.

Nanywa kila siku miaka 15 sasa. Asubuhi natetemeka mpaka nitoe lock, yaani ninywe kidogo. Je, niache Jumatatu, Jumanne niende mkutanoni?

Usiache ghafla peke yako. Nakuomba. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kupanda joto, na hali hiyo huua. Anza hospitali. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa. Mwambie daktari kiasi chako cha kweli, hata kama ni chang'aa. Mkutanoni hakuna daktari. Na kama umeshaacha na dalili hizo zimeanza, upelekwe sasa hivi, usingoje kukuche.

Wanatoza shilingi ngapi?

Hakuna ada. Kikapu hupitishwa, ukiwa na shilingi 20 weka, huna mpitishie mwenzako. AA hujitegemea kwa michango ya wanachama na haipokei ya watu wa nje.

Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu wa Likoni. Nimeambiwa mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa. Nitaingiaje?

Waaleikum salaam, kaka. Ukumbi ni wa kanisa, mkutano si wa kanisa. Sitakuficha kwamba zile hatua 12 za AA za kuacha pombe zinamtaja Mungu, ila zinamtaja jinsi kila mtu anavyomfahamu, na hakuna atakayekuuliza unasali wapi. Najua aibu yako ni mara mbili, ya kunywa na ya kuonekana. Ndiyo maana ya sehemu ile ya pili ya jina la AA, Anonymous, yaani wasiotajwa majina: waliomo hawatajani nje.

Mume wangu hataki kusikia habari hizo. Nimburute?

Hapana, dada. Nenda wewe. Al-Anon, iliyoanzishwa 1951, ni ya jamaa za wanywaji, na unaweza kujiunga hata kama yeye bado analewa. Utakaa na wanawake wenzako waliochoka kumwaga chupa kwenye sinki na kumdanganya bosi kwamba mzee ana malaria.

Mji wetu ni mdogo, hakuna kikundi. Nifanyeje?

Anza na mikutano ya intaneti. Kamera unaweza kuizima. Ila usiishie hapo. Mei 1935 Bill W., aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alijikuta peke yake kwenye hoteli mjini Akron, Marekani, biashara imemharibikia na baa iko pale pale. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Wakampata Dr. Bob, daktari wa mji huo. AA ilianza na hao wawili, na hadi leo wawili au watatu wanatosha kujiita kikundi. Mwombe daktari wa kliniki yenu ampe namba yako mgonjwa mwingine anayetaka kuacha, huyo naye akiridhia. Chagueni siku, saa na benchi. Chai ya kwanza umimine wewe.