Daktari, mkono hautetemeki?

Safari hii karibu nusu ya barua hazikuuliza habari za macho yenu. Mmeniuliza habari zangu na kazi yangu ya upasuaji wa macho. Haya, nimezifupisha, najibu.

Shikamoo daktari. Ni kweli mnaling'oa jicho, mnalisafisha pembeni, kisha mnalirudisha?

Marahaba. Si kweli, na uvumi huu nausikia tangu nikiwa mwanafunzi. Nyuma ya jicho kuna neva yenye nyuzi takribani milioni moja zinazopeleka habari kwenye ubongo. Ikikatwa, hakuna fundi wa kuiunga. Kwa hiyo jicho hukaa pale pale, sisi ndio tunalifuata. Kwa mtoto wa jicho tunatoboa upenyo wa milimita 2 au 3 ukingoni mwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, tunaivunjavunja lenzi iliyopata ukungu kwa mawimbi ya sauti, tunaifyonza, kisha tunapenyeza lenzi ya bandia ikiwa imekunjwa. Ikifika ndani inajikunjua yenyewe. Mara nyingi hatushoni hata uzi mmoja.

Nina miaka 19 na nataka kuwa daktari wa upasuaji wa macho. Itanichukua miaka mingapi?

Shahada ya udaktari miaka 5 au 6, mwaka mmoja au zaidi wa utarajali, kisha ubingwa wa macho: nchi nyingi ni miaka 3 au 4, Uingereza ni 7. Ukitaka kubobea kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au kwenye macho ya watoto, ongeza 1 au 2. Usiwaahidi wazazi kitu kabla hujafikisha 30.

Na si vitabu vitakavyokuchosha. Utachoshwa na kukaa ubavuni mwa mwalimu wako, unachungulia kwenye darubini ya pembeni, miezi inapita hujagusa kitu. Siku moja anakupa hatua moja tu ya upasuaji, kisha anakunyang'anya vifaa. Mimi nilinuna sana wakati huo. Leo nawanyang'anya wengine.

Mkono hautetemeki?

Unatetemeka. Kila mkono ulio hai hutetemeka, na chini ya darubini mtetemo mdogo unaonekana kama tetemeko la ardhi. Tunaegemeza mkono kwenye paji la uso la mgonjwa au kwenye egemeo la kiti, vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Wenzangu wengine hawagusi kahawa siku ya upasuaji. Mimi nikiikosa ndipo ninapotetemeka.

Ajabu ni kwamba hakuna anayeuliza habari za miguu. Mguu mmoja unaendesha darubini, mwingine unaendesha mashine, na ukikanyaga zaidi ya kiasi, mkono mtulivu haukusaidii kitu.

Tena, Govindappa Venkataswamy wa India alipatwa na baridi yabisi ujanani, vidole vikapinda. Akaacha ukunga alioanza nao, akasomea macho, akatafuta vifaa vya kufaa mikono ile, akawafanyia upasuaji watu zaidi ya 100,000. Mwaka 1976, akiwa ameshastaafu serikalini, akafungua huko Madurai hospitali ya Aravind yenye vitanda 11. Kwa hiyo anayeniambia hana mikono ya upasuaji, namwambia aje kwanza tuone.

Mgonjwa anakuwa macho wakati wote?

Watu wazima wengi, ndiyo. Ganzi ya matone au ya sindano inatosha, na wengi husimulia kwamba waliona mwanga na rangi. Masikio yao nayo yamo kazini, kwa hiyo chumbani mwangu neno "lo!" ni marufuku. Mgonjwa akitaka kukohoa, aseme kwanza, nitoe vifaa. Nusu ya kazi yangu hufanywa na mdomo.

Umewahi kumharibia mtu jicho?

Nilijua swali hili litakuja. Lenzi ya jicho imo ndani ya kifuko ambacho ukuta wake wa nyuma ni mwembamba mno: gawa milimita 1 mara 250, unene wake ni karibu na kipande kimoja. Kifuko kikipasuka, ute wa jicho husogea mbele, na mabaki ya lenzi yanaweza kuzama hadi kwenye retina.

Kilinipasukia mwaka wangu wa pili wa ubingwa. Nilikuwa nimebakiza kipande cha mwisho. Niliona kifuko kimecheza kwa namna isiyo ya kawaida, nikajiambia kimebaki kipande hiki tu, nikakifuata. Kikazama. Mwenzangu wa retina alilazimika kumfanyia mzee yule upasuaji wa pili, akaja akaona, lakini si kama nilivyomwahidi. Nilimweleza siku ile ile, mwanawe akiwepo. Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo, kifuko kikicheza nasimama. Natoa mguu kwenye pedali, nahesabu pumzi. Wauguzi wangu wameshazoea ukimya huo.

Katika fani yenu, nani unamheshimu zaidi?

Harold Ridley, Mwingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliona marubani wenye vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege ndani ya macho, na macho yale hayakuvikataa. Novemba 29, 1949, jijini London, akaweka lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni, mtoto wa jicho ukampata yeye mwenyewe, naye akawekewa lenzi za bandia.

Mbona wewe unavaa miwani? Huiamini leza yako ya kurekebisha macho?

Naiamini. Ila miwani hii ni ya kusomea, ya uzee, na leza haizuii lenzi ya jicho kukakamaa baada ya miaka 40. Kwenye darubini siihitaji, lenzi zake narekebisha zikanifaa. Naihitaji kusoma barua zenu, hasa za wale mnaoandika kwa penseli.