Jibu: Je, shule ya uchimbaji wa mambo ya kale (akiolojia) huko Kilwa inamfaa anayeanza?

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa historia hapa Lubumbashi, ambaye hajawahi kushika mwiko wa kuchimbia, anaweza kufuata mafunzo hayo Kilwa, mji wa kale kwenye pwani ya Tanzania. Anaweza kabisa. Mimi nilianza hivyo hivyo.

Ujue lakini kwamba kuchimba ni sehemu ndogo. Mnapima mraba kwa kamba, mnakwangua udongo tabaka kwa tabaka, sentimita chache tu kila mara, halafu udongo huo mnaupitisha kwenye chekeche. Kila kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, kinaingia katika mfuko wenye namba ya mraba na ya tabaka. Kitu kikitoka bila namba hiyo kimepoteza habari yake, hata kiwe kizuri namna gani. Mchana ni kuosha vigae, kuchora, kuandika daftari. Jua ni kali. Beba kofia na viatu vya kufunika.

Kilichonigusa zaidi ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Zilinikumbusha nyumbani: kwetu Katanga pia shaba ilimiminwa kuwa misalaba midogo, na mingine ilizikwa pamoja na wafu kule Sanga, kando ya ziwa Kisale. Kwa hiyo kabla ya kusafiri nenda Makumbusho ya Lubumbashi, kaa mbele ya misalaba hiyo, ichore.

Kuhusu pesa, waandikie waandaaji mapema uulize nafasi za kufadhiliwa, na paspoti uianze sasa. Barua ya maombi nitumie, nitaisoma.