Ukitoka zamu ya usiku, likwepe jua la asubuhi

Saa kumi alfajiri ndiyo ninayoiogopa. Wodi imetulia, dripu zinadondoka, baridi inakuingia hata feni ikiwa imezimwa. Usiku mmoja, saa hizo hizo, nilisoma lebo ya chupa ya dawa mara tatu nisielewe nilichosoma. Nikamwita mwenzangu aje aisome yeye. Mchana uliotangulia nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu.

Wauguzi wenzangu, na ninyi walinzi na watu wa viwandani, huo si uvivu. Saa hizo joto la mwili limeshuka mno, na mwili mzima unadai usingizi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna saa, nayo haijui ratiba iliyobandikwa ukutani. Inafuata mwanga.

Utotoni sote tumekigusa kifauongo kikasinyaa. Jua likizama hujikunja chenyewe, kukicha kikakunjuka. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliuweka mmea wa namna hiyo gizani, na majani yakaendelea kufunguka na kujifunga kwa wakati wake. Saa imo ndani. Kazi ya jua ni kuirekebisha kila siku.

Hapo ndipo nilipokuwa nikijiumiza. Nilitoka kazini saa mbili asubuhi, nikapitia sokoni, nikafua, nikaanika, ndipo nilale saa tano. Jua lote lile lilikuwa linauambia mwili kumekucha! Sasa navaa miwani ya jua tangu getini, na kwenye daladala nakaa upande wa kivuli. Nikifika naoga, nalala. Dirishani nimetundika vitenge viwili. Kanga inapitisha mwanga. Mama mkwe nilimweleza mapema, na sasa yeye ndiye anayewanyamazisha watoto. Kahawa nakunywa mwanzoni mwa zamu, baada ya saa saba usiku siigusi. Na kama una pikipiki na macho yanafumba, iache kazini, panda gari.

Jambo moja liko nje ya uwezo wako peke yako. Saa ya mwili kwa wengi wetu huzidi saa 24 kidogo, kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Zamu zikienda asubuhi, jioni, kisha usiku, mwili unafuata. Zikirudi kinyumenyume unateseka. Sisi tulimwomba mkuu wa wodi abadilishe mpangilio, akakubali. Ombeni na ninyi, kwa barua, mkiwa wote.