Seva iko hai lakini haipatikani: kuunganisha SystemTap baina ya Unguja na Pemba

Anayesimamia mashine za Linux zilizotawanyika visiwani kwetu, nyingine Mjini Unguja na nyingine Chake Chake au Wete, hufika mahali akahitaji seva moja ya kujenga moduli za SystemTap. Chombo hiki, kilichoanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Red Hat, IBM, Intel na Hitachi, huichukua skripti ya kuchunguza kiini (kernel) cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, huigeuza kuwa msimbo wa C, kisha huukompaili msimbo huo uwe moduli ya kupachikwa ndani ya kiini. Kazi hiyo inataka kompaila (programu ya kugeuza msimbo uwe lugha ya mashine) pamoja na vifurushi vya taarifa za kiini vyenye ukubwa wa mamia ya megabaiti, na si busara kuvijaza katika kila mashine ndogo. Ndiyo maana seva hufanya hatua nne za mwanzo, na mashine inayochunguzwa ikabakishiwa hatua ya tano tu, ya kuiendesha moduli iliyokwisha kujengwa.

Nimekuwa nikiuangalia mpangilio wa namna hii, na taarifa ya tatizo hunifikia karibu kila mara kwa maneno yale yale kwenye simu: "Kaka, seva haipatikani." Ushauri wangu ni kwamba usiyapokee maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu yamefunika maswali matatu. Je, mashine imeiona seva? Je, inakiamini cheti chake, yaani kitambulisho chake cha kidijitali? Na je, seva yenyewe inacho kinachohitajika kujenga moduli ya kiini hicho hasa? Anza kwa `stap --list-servers=online`, kisha `stap --list-servers=online,trusted`, na mwisho `stap --list-servers=online,compatible`. Seva inapotoweka kwenye mojawapo ya orodha hizo, hapo ndipo pa kushughulikia, na huna haja ya kugusa pengine.

Iwapo haimo hata katika orodha ya kwanza, fikiria kwanza namna inavyotafutwa. SystemTap hutumia Avahi, programu ambayo hutangaza huduma kwa multikasti (ujumbe mmoja kwa mashine nyingi za mtandao mmoja) kupitia poti ya UDP 5353, na matangazo hayo hayavuki ruta. Mashine mbili zilizo katika jengo moja, kwenye swichi moja, huonana bila ya taabu, ilhali mashine ya Chake Chake haitaiona kamwe seva ya Unguja kwa njia hiyo, hata kama ping inajibu vizuri. Watu wengi hupoteza muda hapa wakiikagua laini ya intaneti, nayo laini haina kosa. Baina ya visiwa, taja anwani na poti wewe mwenyewe, kwa mfano `stap --use-server=10.20.0.5:46001`, ukiweka anwani na poti za seva yako. Binafsi naona ni bora kufanya hivyo hata ndani ya jengo moja, kwa kuwa unajua wakati wote ni seva gani unayoitumia.

Poti nayo ina jambo lake, na kwetu ni jambo zito kwa sababu umeme hukatika. Usipoichagulia seva poti, hujichukulia yoyote iliyo wazi kila inapoanza upya. Umeme ukirudi, seva huamka ikiwa nzima na yenye afya, lakini inasikiliza mahali pengine, na tundu ulilolifungua kwenye fayawoli (kizuizi cha miunganisho ya mtandao) linaelekea kwenye poti isiyo na mtu. Iangalie kwa `ss -tlnp` kwenye seva, kisha ujaribu kuifikia kwa `nc -vz` kutoka kwenye mashine ya mbali. Dawa ya kudumu ni kuianzisha seva kwa `--port` yenye nambari maalumu na kuifungulia fayawoli poti hiyo peke yake. Nakusihi usiizime fayawoli yote "kwa kujaribu tu", kwani majaribio ya aina hiyo husahauliwa yakabaki miezi.

Cheti kinahitaji subira zaidi. Moduli itakayorudi kutoka kwenye seva itaingia ndani ya kiini, mahali ambapo hakuna kizuizi tena, kwa hiyo kuiamini seva usiyoihakiki ni kuikabidhi mashine nzima. Kabla ya kutoa amri ya `stap --trust-servers=ssl`, ukiiambatanisha na ile ya `--use-server`, mpigie simu aliye karibu na seva akusomee nambari ya cheti, nawe uilinganishe, tarakimu kwa tarakimu, na unayoiona. Seva ikibadilishiwa cheti, zoezi hili hurudiwa. Na endapo cheti kinakataliwa ingawa jana kilikubaliwa, andika `date` kabla ya kitu kingine chochote: mashine yenye betri ya saa iliyokufa huamka baada ya umeme kukatika ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, na kwa hesabu yake cheti chako bado hakijaanza kutumika.

Likibaki swali la tatu, linganisha `uname -r` ya mashine na matoleo ya kiini yaliyomo kwenye seva. Lazima yafanane kikamilifu, hadi herufi za mwisho, na aina ya prosesa iwe ile ile. Mashine iliyosasishwa usiku huwa imeshaipita seva asubuhi. Kwenye seva, `stap-prep` ikifuatiwa na toleo linalotakiwa huweka vifurushi vinavyokosekana, kisha uianzishe seva upya kwa `-r` na toleo hilo.

Kila unapokwama, soma `/var/log/stap-server/log` kwenye seva. Ikiwa ombi lako halimo, bado uko kwenye njia: anwani, poti au fayawoli. Ikiwa limo na linalalamikia kompaila, mtandao umekwisha kufanya kazi yake. Na moduli ikijengwa salama lakini mashine ikakataa kuipachika, angalia kama mtumiaji yumo katika kundi la `stapusr` tu, lenye ruhusa finyu, kwa kuwa kundi hilo hukubaliwa moduli zilizotiwa saini na seva ambayo msimamizi ameiamini kuwa mtia saini, na uaminifu huo wa `signer` hutolewa peke yake, mbali na ule wa `ssl`.