Kabla Hujamnyanyua Mwenzako: Barua kwa Mwanangu

Marangu, Kilimanjaro

Mwanangu mpendwa Aikande,

Barua yako tumeipokea, mama yako akaisoma kwa sauti, nami baadaye nikaichukua nikaenda kuisoma tena peke yangu kule migombani. Unaniuliza kama ukubali nafasi uliyopewa katika timu ya watu watano itakayoshindana kwa siku mbili huko Colorado, Marekani, kwa boti mtoni, kwa baiskeli, kwa miguu na kwa kamba kwenye majabali, mkiwa na mwenzenu mmoja anayetumia kiti mwendo na mwingine asiyeona, na timu ikihesabiwa kuwa imemaliza pale tu mtu wa tano anapovuka mstari. Unasema unaogopa kwamba pumzi yako haitatosha, na kwamba watu watasema umejitafutia sifa mgongoni mwa wenye ulemavu.

Pumzi yako hainitii wasiwasi hata kidogo, kwa maana niliiona ulipokuwa ukipandisha ndoo ya maji kutoka mfereji wa chini hadi kwa bibi yako bila kupumzika. Habari ya sifa nayo waachie wanaoitafuta. Ninalotaka kukuandikia ni habari ya mikono yako, ingawa hukuniuliza.

Unalijua neno langu: mdomo utangulie mkono. Mmelisikia tangu utotoni, nanyi mkadhani ni adabu ya kuwakaribisha wageni au ya kumsaidia baba yako mdogo Elinami kushuka kwenye gari. Sikuwahi kuwaeleza nililipata wapi. Nililipata juu ya Horombo, kambi ya njiani kwenye mlima wetu wa Kilimanjaro, mwaka ule tulioezeka upya nyumba ya bibi yako, kwa ujira wa safari hiyohiyo nitakayokusimulia.

Mgeni wetu alikuwa kijana wa Kijerumani aliyepooza kuanzia kiunoni, naye alikuja na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono. Pale getini, kabla hatujaanza safari, alituambia kwa upole kwamba akihitaji kushikwa atasema mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, nikaitika, nikawatafsiria wagumu wote, yaani wapagazi wetu, na wote wakaitika. Siku ya kwanza na ya pili tulishika ahadi yetu. Siku ya tatu tukawa tumeondoka Horombo, kwenye mita 3,720, tukielekea kambi ya Kibo, na kabla ya kufika mahali paitwapo Maji ya Mwisho tukakuta mahali ambapo mvua ilikuwa imeichimba njia na kuacha mawe yaliyosimama kama ngazi. Alikuwa akisogea shibiri tatu na kurudi mbili, huku mgumu mmoja akiweka jiwe nyuma ya gurudumu kila alipopata nafasi. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka msituni, na wageni wengine walitupita wakitutazama. Nikaangalia saa, nikawaambia vijana kwa Kichagga, mbele yake na juu ya kichwa chake, kwamba tumnyanyue tumalize kazi.

Tukamnyanyua pamoja na baiskeli yake, tukamvusha kiasi cha mita sitini, tukamweka chini mahali pazuri pa tambarare. Wagumu wakapiga makofi. Nilifurahi, mwanangu, siwezi kukuficha, kwa kuwa nilijiona nimefanya jambo la utu. Yeye alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza tulikuwa tumembeba umbali gani, nami nikamtajia kwa fahari. Akaigeuza baiskeli, akashuka taratibu, breki zikilia, mpaka kwenye jiwe lilelile nilipomkamata, akaanza upya. Ilimchukua dakika hamsini. Alipofika tulipokuwa tumesimama, hakunigombeza, alisema tu, "Sasa nimefika hapa."

Maneno hayo bado yananichoma, na kinachonichoma zaidi ni kile Kichagga. Mtu alikuwa amekaa katikati yetu, ana masikio na ana akili kuliko mimi, nami nikamjadili kama gunia la viazi linalohitaji mabega mawili.

Mbele kidogo alinifundisha sehemu ya pili ya somo. Tulipofika kwenye mchanga mzito, aliinua mkono mwenyewe akasema tumfungie kamba mbele, tumvute huku naye akizungusha, na akatueleza tuende kwa mwendo gani. Tulivuta, naye akazungusha, tukaenda kama jembe moja lenye mikono mingi, na hakuna aliyeona aibu. Kuvutwa hakukuwa tatizo lake hata siku moja. Tatizo lake lilikuwa sisi kuamua bila yeye.

Lakini hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Kijana yule hakufika kilele cha Uhuru. Usiku wa Kibo, kwenye mita 4,700 na ushei, alishikwa na ugonjwa wa mwinuko, akaumwa kichwa na kutapika, na mimi mwenyewe ndiye niliyeamua ateremshwe. Kwa miaka mingi nimepiga hesabu ya zile dakika hamsini, nikijiuliza kama nguvu alizozimwagia yale mawe ndizo zilizomkosesha kilele. Wakati mwingine najijibu kwamba ugonjwa ule huwaangusha hata wenye miguu ya swala, na kwamba anayepanda polepole ndiye anayepona. Wakati mwingine najijibu kwamba ningembishia tu, aende juu badala ya kurudi chini. Halafu nakumbuka uso wake aliposema amefika, nami sijui tena. Usiku ule wa kumteremsha sikumwuliza pia, maana hakuwa na uwezo wa kujibu sawasawa, na sijutii. Kwa hiyo usidhani neno langu halina mipaka: kwenye hatari ya kifo mkono hauna muda wa kusubiri mdomo.

Na kuna habari ya Henry Wanyoike, Mkenya asiyeona, ambayo huwa ninairudia mpaka mama yako ananichoka. Kwenye mbio za mita 5,000 za Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na yule aliyepaswa kuongozwa ndiye aliyemkokota mwongozaji wake hadi kwenye utepe, akashinda dhahabu. Sidhani alipata nafasi ya kumwomba ruhusa. Nikiiwaza habari ile, naona huenda nimelishika neno langu kwa nguvu mno. Au labda watu wawili waliokwisha kukimbia pamoja maili nyingi wameulizana tayari, kabla ya siku yenyewe. Naielemea hii ya pili.

Nimewaza pia juu ya Erik Weihenmayer, kipofu wa huko Marekani uliko, aliyefika Everest mwaka 2001. Aliyemtangulia alikuwa na kengele ndogo, naye akiifuata kwa sikio. Yeye ndiye aliyejua kwamba anahitaji sauti, hakuhitaji kushikwa mkono kama mtoto. Chris Waddell, aliyepooza miguu kwa ajali ya kuteleza kwenye theluji, alipopanda mlima wetu mwaka 2009 kwa chombo chake cha kuzungushwa kwa mikono, watu wake walimtandikia mbao chini ya magurudumu kwenye changarawe. Waliirekebisha njia, yeye akaipita. Niliposikia habari hiyo niliyakumbuka mawe yangu ya Horombo, nikajiuliza kwa nini siku ile hatukubeba hata mbao mbili, wakati tulibeba meza na viti vya kulia chakula.

Sasa unataka niseme nenda au usiende. Sitasema, kwa sababu ukienda kwa neno langu utakuwa umenyanyuliwa nawe, na mwili ni wako, na muda wa kazi ni wako. Ulimi unaniwasha, lakini nitauzuia. Nitakwambia tu kwamba mama yako ameshaanza kuulizia yupi kati ya wajukuu wa jirani anasafiri kuja huko, ili akutumie soksi za sufu, na mimi sikumkataza.

Ila kama utawajibu ndiyo, kuna jambo moja la kazi ambalo halina mjadala. Mkikutana kwa mazoezi, kabla ya kugawana mizigo, mwulize yule wa kiti mwendo anataka kamba ya kuvutia ifungwe wapi, na yule asiyeona anataka kusikia maneno gani njiani na yapi yanamchosha. Kisha kamba hiyo ifunge kwa lile fundo la kuteleza nililokufundisha kwa kumfungia mbuzi, na ncha yake fupi ielekee nyuma, kwenye kiti, mahali ambapo mwenyewe anaweza kuivuta kwa mkono mmoja, fundo likafunguka, akajiachilia wakati wowote anaotaka. Lijaribuni fundo hilo likiwa limelowa, kwa sababu kamba iliyotoka mtoni huvimba na kukaza.

Nakusubiri uniandikie.

Baba yako